Nafasi ya Mafunzo ya Jamii katika Dunia Iliyofungamana

Katika masomo yote yanayofundishwa shuleni, hakuna yanayozusha ubishi mwingi kama yale yanayomhusu mwanadamu na jamii yake: historia, jiografia, uraia, uchumi na elimu ya jamii kwa jumla. Mwalimu wa hesabu anapomwambia mwanafunzi kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, hakuna mzazi atakayekuja shuleni kulalamika, wala hakuna serikali itakayobadili jawabu hilo baada ya uchaguzi. Lakini mwalimu wa mafunzo ya jamii kila afunguapo kinywa huwa amekwisha kuchagua: amechagua aanzie wapi, amtaje nani na amwache nani, lipi aliite ushindi na lipi aliite msiba. Kwa hiyo swali tunalokusudia kulichunguza katika makala haya halihusu ufundi wa kufundisha peke yake. Ni swali la maadili. Je, mwalimu huyu anawajibika kwa nani kwanza: kwa taifa linalomlipa mshahara, kwa mtoto aliyekaa mbele yake, au kwa ukweli wenyewe? Na je, jibu linabaki lile lile katika zama hizi ambapo kijana wa Mpwapwa aweza kusikiliza mhadhara unaotolewa Boston kabla mwalimu wake hajamaliza kufuta ubao?

Neno utandawazi limezoeleka katika lugha yetu tangu miaka ya 1990, na kwa kuwa neno ni changa, wengi wamedhani kwamba na jambo lenyewe ni changa. La hasha. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji uliokwisha kuzoea wageni na bidhaa za mbali. Vigae vya vyombo vya Kichina vingali vikiokotwa katika magofu yake hadi leo. Sarafu za shaba zilizofuliwa Kilwa zilipatikana mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu wangali wakibishana zilifikaje huko. Mababu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa kwamba dunia imefungamana, maana walijua kaskazi inaleta nini na kusi inachukua nini. Tofauti tunayoiona sisi ni hii: zamani bidhaa zilitoka mbali, lakini maelezo ya mambo yalibaki ya nyumbani. Mzee wa mtaa ndiye aliyeeleza kwa nini bei ya nguo imepanda na kwa nini jahazi fulani halikurudi. Leo hata maelezo juu yetu sisi wenyewe, juu ya umaskini wetu, ndoa zetu, kura zetu na mvua zetu, tunaletewa yakiwa yamekwisha kufungwa, nasi twayafungua na kuyasoma kama barua ya mtu mwingine.

Ili tusielee hewani, tuchukue mahali pamoja panapojulikana: Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na mafuta ya kula yalikuwa yakigawanywa kwa mgao. Kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever, ikatoa wazo kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mitambo mikubwa. Ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa muda wa wiki tisa, kisha ukaandika taarifa iliyopendekeza zilimwe ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliyobaki vitani yakaletwa kutoka mbali, hata Ufilipino; vifaru vikageuzwa kuwa mashine za kusafishia pori. Mibuyu iling'olewa. Lakini udongo wa Kongwa, ukishanyeshewa na kukauka, ulikuwa mgumu kama saruji na kuzishika karanga zisitoke, na mvua haikuja kwa kufuata ratiba iliyoandikwa London. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba inauacha mpango huo, na hasara iliyofutwa katika vitabu vya hesabu ilikuwa karibu pauni milioni 36. Mashamba mengine ya mpango huo yalikuwa Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara ni kumbukumbu yake mojawapo, ingawa reli iliyojengwa pamoja nayo ilikwisha kung'olewa.

Mambo ya Kongwa hayakuishia hapo. Kuanzia mwaka 1964, miongoni mwa majengo chakavu yaliyoachwa na wazungu wa karanga, serikali yetu iliwapa wapigania uhuru mahali pa kambi: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Wengine hawakurudi makwao. Makaburi yao yako huko huko. Waliorudi walirudi na Kiswahili kinywani. Joaquim Chissano, ambaye alikaa miaka mingi nchini mwetu wakati wa harakati hizo, aliuhutubia mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004, na wakalimani wakahangaika. Na palipotakiwa kuota karanga za kuwalisha Waingereza, leo wanalishwa ng'ombe wa ranchi ya taifa.

Basi mwalimu wa Kongwa ana maktaba nzima chini ya miguu yake. Akitaka kufundisha uchumi, bei ya mafuta ya kula mjini London iko pale. Akitaka jiografia, udongo uko pale, na mwanafunzi aweza kuushika kwa mkono. Akitaka uraia, kaburi la kijana wa Afrika Kusini aliyekufa mbali na mama yake litamfundisha maana ya udugu wa Kiafrika kuliko ibara yoyote ya mkataba. Lakini ni wanafunzi wangapi wa nchi hii waliosoma habari za Kongwa kwa namna hiyo? Aghalabu Kongwa huja katika daftari kama mstari mmoja chini ya kichwa cha habari, pamoja na orodha ya sababu za kukariri.

Hatuna budi hapa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tukisahihisha jaribio la mwisho wa muhula katika shule moja ya sekondari, tulikutana na majibu ya swali lililomtaka mwanafunzi aeleze sababu za kushindwa kwa Mpango wa Karanga. Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa na hoja sita: uhaba wa mvua, ugumu wa udongo, ubovu wa mitambo, ukosefu wa mafundi, haraka katika kupanga, na gharama kubwa. Kijana mmoja hakuandika hata moja kati ya hizo. Aliandika sentensi mbili, tena kwa Kiswahili katika mtihani uliotakiwa kujibiwa kwa Kiingereza. Alisema kwamba babu yake alikuwa kibarua huko, na kwamba babu husema wale watu walishindwa kwa sababu hawakumwuliza mtu. Tulimpa sifuri. Kwa hakika tulimpa sifuri mbili, moja ya hoja na moja ya lugha, na kalamu yetu haikusita.

Imetuchukua muda mrefu kutambua kwamba jibu lile lilikuwa bora kuliko mwongozo wetu. Zile hoja sita zote ni watoto wa hoja yake moja. Wagogo walikuwa wameishi katika nchi ile vizazi vingi. Walipanda uwele na mtama, wakahamisha mifugo yao kufuata majani na maji, wakaihesabu miaka kwa njaa zilizopita. Kwamba mvua ya pale haina ahadi lilikuwa jambo linalojulikana na kila mama mwenye ghala. Aliyekwenda wiki tisa na kurudi na ramani alihitaji tu kukaa chini ya mti mmoja na kuuliza. Zaidi ya hayo, yule kijana alikuwa amefanya kile ambacho sayansi ya jamii inadai kukifundisha: alimwendea shahidi, akasikiliza, akapima, akatoa hukumu. Sisi tuliokuwa na kalamu nyekundu tulikuwa tumekariri.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni makosa ya mwalimu mmoja. Twaomba aangalie nyuma kidogo. Wakati wa ukoloni mtoto wa Tanganyika alifundishwa habari za nchi nyingine kama kwamba kwao hakukutokea jambo. Baada ya uhuru kazi kubwa ilifanyika ya kuuvunja uwongo huo, na wala hatukusudii kuidharau. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Mwaka 1969 kikatoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Mwaka 1972 Walter Rodney, akiwa anafundisha pale Mlimani, akatoa kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika kubaki nyuma, nacho kikasomwa dunia nzima. Zilikuwa siku za ari. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa imedai waziwazi kwamba shule imfundishe kijana kuwa na akili ya kuuliza. Lakini kutoka Mlimani hadi darasa la kijiji ni mbali, na njiani mengi yalimwagika. Majina ya wafalme wa kigeni yaliondolewa, yakawekwa majina ya mashujaa wetu, halafu mashujaa wakakaririwa vile vile walivyokaririwa wafalme. Tulibadili majibu. Namna ya kuuliza tuliiacha ilivyokuwa.

Na masimulizi yale ya mwaka 1968 yenyewe yalikuwa na funzo ambalo halikufika shuleni. Wazee hawakusema jambo moja. Wako waliokumbuka vita kwa fahari, wako waliokumbuka njaa iliyofuata, na wako ambao watu wao hawakupigana kabisa na walikuwa na sababu zao. Kitabu cha shule kilichukua fahari peke yake.

Hapa ndipo penye mtihani halisi wa mwalimu. Tukimfundisha mtoto kwamba Mpango wa Karanga ulishindwa kwa sababu hawakuuliza, siku moja mtoto atainua mkono na kusema: Mwalimu, na sisi je? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuja Operesheni Dodoma, na tangu mwishoni mwa mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Watu kwa mamilioni walihama ndani ya muda mfupi. Nia ya mambo haya mawili ilikuwa mbali kama mashariki na magharibi: mmoja alitaka mafuta ya mezani kwake, mwingine alitaka shule, zahanati na maji viwafikie watu waliotawanyika, na shule na zahanati zilijengwa kweli. Lakini palikuwa na mahali ambapo watu walitolewa kwenye mashamba yao na maji yao, wakapelekwa palipochaguliwa na ofisa mwenye karatasi na haraka, na mzee wa mahali hapo hakuulizwa. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikaja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoandika mwaka 1977 juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, hakuona haya kusema kwamba nchi ilikuwa haijawa ya ujamaa wala haijajitegemea. Kama Rais aliyekuwa madarakani aliweza kuandika hivyo na nchi isianguke, hatuoni kwa nini mwalimu wa darasa la saba wa enzi hizo, au wa kidato cha tatu wa leo, aogope kuyasema.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kudharauliwa. Husema kwamba taifa lenye makabila zaidi ya 120 ni kama nyumba ambayo udongo wa kuta zake haujakauka. Ukiruhusu kila mtoto augonge ili aone kama ni imara, utaubomoa. Husema: wafundisheni kwanza kuipenda nchi, watajifunza kuikosoa wakikua. Nao wana mfano wa kutisha wa kuutaja. Jirani zetu wa Rwanda walifundishana kwa miaka mingi historia iliyowagawa watu katika makundi ya wenyeji na wageni, na baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchi hiyo ilisimamisha kwa miaka kadhaa ufundishaji wa historia yake shuleni, kwa kuwa hapakuwa na historia ambayo watoto wangeweza kusomeshwa wakiwa wamekaa dawati moja.

Tumeufikiria mfano huu mara nyingi, na kila tukiufikiria twauona unasema jambo lingine. Ile historia ya makundi haikuwa ukweli uliotobolewa mapema mno. Ilikuwa ni sayansi ya jamii ya wakati wake, iliyotoka Ulaya ikiwa na heshima zote za kitaalamu: watu walipimwa pua na vimo, wakaambiwa asili zao na wageni waliofika juzi, na katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ukaandika makundi hayo katika vitambulisho. Kisha watoto walifundishwa maelezo hayo bila kuruhusiwa kuuliza yalipatikanaje. Sisi twadhani kilichokosekana pale kilikuwa ni mwanafunzi wa kuinua mkono na kusema: nani alipima, na alimwuliza nani? Lakini twakubali kwamba mwalimu anayefungua kidonda ana wajibu wa kukaa nacho. Kumwambia mtoto habari za kuhamishwa kwa babu yake, halafu kengele ikalia na mwalimu akaondoka, si uaminifu kwa ukweli. Ni uvivu.

Suala la lugha tumeligusa kwa yule kijana, na haliwezi kuachwa hapo. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa masomo ya sayansi asilia ubishi unaweza kuendelea, lakini kwa mafunzo ya jamii madhara ni ya namna ya peke yake. Kijana anayesoma juu ya ukoo, mahari, njaa, uzee na utani kwa lugha ambayo bibi yake haijui hawezi kurudi nyumbani akamwuliza bibi kama mambo ndivyo yalivyo. Darasa linakatwa na nyumba. Elimu inakuwa jambo la kusemwa mbele ya wageni, nayo nyumba inabaki na yake isiyopimwa na mtu. Hatusemi kwamba Kiingereza kifukuzwe. Kijana asiyekijua atasomewa dunia na wengine. Twasema kwamba mtu aelezaye jamii yake kwa lugha ambayo jamii hiyo haiwezi kumjibu huwa hazungumzi nayo. Anazungumza juu yake, kama mganga azungumzaye juu ya mgonjwa aliyelala.

Na wazee wa vijijini wamezoea kuzungumziwa. Tumekutana nao wanaojua dodoso ni nini kuliko wanavyojua jina la diwani wao. Mtafiti huja na gari, huuliza idadi ya kuku na idadi ya milo, hushukuru, huondoka. Matokeo huchapishwa mahali fulani, kijiji hakiyaoni. Kisha takwimu zile hurudi miaka kadhaa baadaye zikiwa mradi, na mradi huo aghalabu unajibu swali ambalo kijiji hakikuliuliza. Tukifikiri juu ya mtindo huu tunamwona John Wakefield na wiki zake tisa, isipokuwa sasa safari imefupishwa kuwa siku tatu.

Simu ya mkononi haikuleta hali hii, ila imeizidisha. Mwanafunzi wa leo anapata majibu mengi kabla hajapata swali. Baadhi ya walimu wamefadhaika, wakiona kazi yao imechukuliwa. Sisi hatufadhaiki sana. Kilichochukuliwa ni kazi ya kuimlisha hoja sita, nayo ilistahili kuchukuliwa. Mtandao wa intaneti unajua habari za Mpango wa Karanga, unajua pauni ngapi zilipotea na waziri gani alizomewa bungeni kule London. Haujui alichokisema yule babu, kwa sababu hakuna aliyekiandika, na mmoja aliyekiandika alipewa sifuri.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1947, leo amepita miaka 90. Waliovuna karanga chache za Kongwa na waliowapikia vijana wa FRELIMO wanakwisha mmoja mmoja, na hakuna mtaala unaoweza kuwangoja. Shule za sekondari za Kongwa, Mpwapwa na Dodoma mjini zina likizo mwezi wa Juni, wakati mavuno yamekwisha ingizwa ghalani na wazee wana nafasi ya kukaa barazani. Kazi ya likizo yaweza kuwa swali moja tu, kwa Kiswahili au kwa Kigogo, na daftari tupu: walipokuja, walikuuliza nini? Mwanafunzi aandike jibu kama lilivyosemwa, na aandike pia palipokuwa na kimya. Daftari likirudi darasani, mwalimu alisome mwenyewe kwanza, akiwa ameiweka kando ile kalamu nyekundu.